Riyali ya Ujanani, Shilingi ya Uzeeni

Swali la kiasi gani cha kipato kinatosha kwa uzee wenye raha huulizwa kwa namna mbili miongoni mwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Doha, na namna zote mbili hupotosha jibu. Wapo wanaouliza mtu arudi nyumbani na milioni ngapi, na wapo wanaouliza awe amejenga nyumba ngapi kabla ya kurudi. Donge la fedha na idadi ya nyumba ni vitu vinavyoonekana kwa macho na kusimuliwa kwa jirani, kwa hiyo ni rahisi kuvifanya shabaha. Lakini uzee huendeshwa kwa mwezi, kwa mfuko wa unga, kwa dawa ya presha inayoisha kila baada ya siku 30, na kwa bili ya umeme isiyouliza nyumba ilijengwa kwa fedha za nchi gani. Msimamo unaotetewa katika safu hii ni kwamba kipato kinachotosha ni kile kinachoingia kila mwezi, kwa sarafu ya mahali mzee atakapoishi, kinacholipia mahitaji yote ya lazima ya kaya yake na kubakiza cha dharura, kinachopanda kadiri bei zinavyopanda, na kisichokoma kabla ya uhai wa mwenyewe kukoma. Kwa kipimo hicho, wengi wanaodhani wamejiandaa hawajajiandaa, na sababu kubwa si uvivu wala israfu bali hesabu iliyoanza mahali pasipo pake.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa mkazi wa Doha kuliko kwa mtumishi wa umma wa Dodoma au mwalimu wa Kisumu kutokana na nafasi yake kisheria. Qatar ina mfumo kamili wa pensheni, ambao kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2022 mwajiriwa huchangia asilimia 7 ya mshahara na mwajiri asilimia 14, lakini mfumo huo haukutungwa kwa ajili ya mfanyakazi aliyetoka Afrika Mashariki. Mlinzi kutoka Kakamega, dereva kutoka Mbarara, mhudumu wa hoteli kutoka Tanga na mfanyakazi wa nyumbani kutoka Mombasa hawamo ndani yake. Wakati huohuo, kwa kuwa wameacha ajira rasmi za kwao au hawakuwahi kuwa nazo, michango yao katika mifuko ya hifadhi ya jamii ya Kenya, Tanzania na Uganda ama imesimama ama haijawahi kuanza, kiasi kwamba mtu anaweza kutumikia miaka 15 ya nguvu zake bila hata mwezi mmoja kuhesabiwa popote duniani kuwa mwezi wa pensheni. Wala hawezi kutegemea kuzeekea hukohuko, maana kibali cha ukaazi, ambacho wafanyakazi wenyewe hukiita ikama, kimefungwa kwenye ajira. Na ukaazi wa kudumu ulioanzishwa kwa Sheria Namba 10 ya mwaka 2018 humtaka aliyezaliwa nje ya nchi awe amekaa miaka 20 mfululizo na awe na kipato cha kumtosha, tena hutolewa kwa watu wasiozidi 100 kwa mwaka. Atazeekea nyumbani, na swali la kipato lazima lijibiwe kwa bei za nyumbani.

Kinachosimama mahali pa pensheni ni kiinua mgongo, yaani malipo ya mkupuo anayopewa mfanyakazi ajira inapokwisha. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Kazi Namba 14 ya mwaka 2004 kinampa aliyetimiza angalau mwaka mmoja kazini malipo yasiyopungua mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka wa utumishi, na Sheria Namba 15 ya mwaka 2017 iliwapa wafanyakazi wa nyumbani kiwango hichohicho. Maneno ya kuangaliwa hapo ni "mshahara wa msingi", ambao ni mshahara kabla ya posho za makazi, chakula na usafiri. Tangu Machi 2021 kima cha chini nchini Qatar ni riyali 1,000 za mshahara wa msingi, na mwajiri asiyetoa makazi huongeza riyali 500, na asiyetoa chakula riyali 300. Wafanyakazi wawili wanaopokea jumla ya riyali 1,800 wanaweza kuonekana sawa kila mwisho wa mwezi, lakini ikiwa mmoja ana msingi wa 1,000 na mwingine msingi wa 1,500, wa kwanza hujikusanyia kiinua mgongo cha riyali 700 hivi kwa mwaka na wa pili riyali 1,050, tofauti ambayo hakuna atakayeihisi mpaka siku ya kuondoka.

Hesabu ya mwenye kima cha chini inahitaji kuangaliwa bila kufumba macho. Miaka 15 kwa riyali 700 ni riyali 10,500. Kwa kuwa riyali imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.64 tangu mwaka 2001, na dola ikiwa karibu na shilingi 129 za Kenya, riyali moja ni shilingi 35 hivi, na donge lote ni shilingi 367,500. Kaya inayotumia shilingi 40,000 kwa mwezi italimaliza kwa miezi tisa na siku chache. Miaka 15 ya kazi imenunua miezi tisa ya uzee. Zaidi ya hapo, fedha hizo hazikai katika akaunti ya mfanyakazi wala katika mfuko uliotengwa; hubaki katika vitabu vya mwajiri kama deni, hazizai chochote, na sheria inaruhusu zipotee pale mtu anapofukuzwa kwa makosa fulani yaliyotajwa. Ni kweli kwamba kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi wa mwisho, hivyo nyongeza ya miaka ya mwishoni huinua thamani ya miaka yote iliyotangulia, na ni kweli pia kwamba Mfuko wa Kusaidia na Kuwawekea Bima Wafanyakazi ulioundwa mwaka 2018 unaweza kulipa haki zilizothibitishwa pale mwajiri anaposhindwa. Hizo ni nafuu za kweli. Lakini nafuu haigeuzi malipo ya kuagana kuwa pensheni.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo, na ni jambo ambalo vitabu vya mipango ya kustaafu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani haviwezi kulieleza kwa sababu halipo huko. Vitabu hivyo hufundisha kwamba matumizi ya mtu hupungua anapostaafu, kwa kuwa nauli ya kazini imekwisha, mkopo wa nyumba umelipwa na kodi ya mapato imeshuka. Kutokana na hoja hiyo hupendekezwa kwamba mstaafu alenge asilimia 70 hivi ya mshahara wake wa mwisho, uwiano unaoitwa kiwango cha ubadilishaji, yaani sehemu ya mshahara ambayo kipato cha uzeeni kinachukua nafasi yake. Mfanyakazi wa Doha anayelala katika makazi ya kampuni huko Sanaiya, eneo la viwanda la Doha, anayekula chakula cha kampuni, anayepanda basi la kampuni na ambaye mshahara wake haukatwi kodi ya mapato, yuko katika hali iliyo kinyume kabisa. Kwa miaka yote hiyo hajalipia kitanda wala sahani yake mwenyewe. Siku anaporudi, gharama hizo zote humrudia mwilini siku ileile ambayo mshahara umekatika, na juu yake huongezeka matibabu yake na wajibu wa kijamii usioepukika. Asilimia 70 ya mshahara wa Doha, au asilimia 40 ambayo Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952 uliiweka kuwa kiwango cha chini cha pensheni ya uzee baada ya miaka 30 ya michango, ni vipimo vya msingi usiomhusu, kwa sababu mshahara wake wa fedha taslimu haukuwahi kuwa picha ya gharama ya maisha yake.

Kwa hiyo kianzio sahihi ni bajeti ya mji atakaozeekea, si mshahara. Katika bajeti hiyo kuna fungu ambalo washauri wa fedha wa kigeni hawalijui na wa kwetu hulionea haya, nalo ni michango: harusi, msiba, ada ya mtoto wa ndugu, matibabu ya shangazi, ujenzi wa msikiti au kanisa. Aliyerudi kutoka Ghuba hutarajiwa kutoa zaidi ya aliyebaki, na matarajio hayo hayafi siku mshahara unapokufa. Kulifuta fungu hili katika karatasi ni kujidanganya, kwa sababu mzee asiyechanga hupoteza kitu ambacho fedha hazinunui, yaani nafasi yake mbele ya watu siku yake ya shida. Afadhali liandikwe waziwazi na liwekewe kikomo, kama sehemu moja ya kumi ya matumizi, kuliko kuachwa lijiendeshe lenyewe kwa aibu na huruma.

Upande wa pili wa kosa ni kulihesabu donge kana kwamba shilingi ni kipimo kisichobadilika. Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 5, ikiruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia mbili na nusu. Kwa asilimia 5 tu, ambayo ni hali njema, bei huongezeka maradufu baada ya miaka 14 hivi. Matumizi ya shilingi 40,000 kwa mtu wa miaka 60 yatakuwa shilingi 80,000 atakapofika 74, kwa unga uleule na dawa ileile. Hapa baadhi husema kwamba umri wa kuishi Afrika Mashariki ni miaka sitini na kitu, hivyo hakuna haja ya kupangia miaka 25 ya uzee. Takwimu hiyo ni umri wa kuishi unaokadiriwa tangu kuzaliwa, nayo hushushwa na vifo vya watoto wachanga na vya vijana. Aliyekwishafika 60 amezivuka hatari hizo, na mpango wa busara kwake hupangwa mpaka 85 au 90, kwa kuwa hatari ya kuishi muda mrefu kuliko fedha ni mbaya kuliko hatari ya kuacha kidogo kwa warithi.

Sarafu nayo ina mtego wake. Mwanzoni mwa mwaka 2020 riyali moja ilikuwa shilingi 28 za Kenya, Januari 2024 ikakaribia 44, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imerudi kwenye 35. Aliyepanga uzee wake kwa kiwango cha 44 alipoteza moja ya tano ya mpango wake katika miezi michache bila kutumia hata senti. Shilingi inapodhoofika, anayetuma fedha hufurahi kwa sababu bahasha inavimba, lakini baadaye bei za nyumbani huifuata dola, na kilichoonekana faida huliwa dukani. Ndiyo maana kuweka akiba yote katika riyali kwa kuiamini ni kosa dogo, na kuhesabu uzee kwa kiwango cha juu kabisa cha ubadilishaji wa sarafu ni kosa kubwa.

Nyumba na donge

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba nyumba ndiyo pensheni. Haifai kuibeza, kwa sababu ina mizizi katika uzoefu: benki zimewahi kufungwa, vyama vya akiba vimewahi kufilisika, shilingi imewahi kuyeyuka, lakini tofali limebaki tofali. Nyumba hulinda thamani dhidi ya mfumuko wa bei, na paa la mwenyewe humwondolea mzee unyonge wa kudaiwa kodi. Hata hivyo, nyumba ya kuishi haileti kipato, hupunguza tu matumizi, na hupunguza kwa kiasi kilekile cha kodi ambayo ingelipwa mahali hapo, wala si kwa kiasi kilichotumika kuijenga. Tuchukue nyumba iliyojengwa kwa shilingi milioni 6 za Kenya katika kijiji au mji mdogo ambako nyumba inayofanana nayo hupangishwa kwa shilingi 12,000. Faida yake ya kila mwezi kwa mzee ni shilingi 12,000, basi. Milioni 6 hizohizo, zikiwekwa mahali panaporuhusu kutumia asilimia 5 kwa mwaka bila kula mtaji, zingeleta shilingi 25,000 kwa mwezi. Kila chumba kilichoongezwa kwa ajili ya kuonekana kinalipiwa na mzee mwenyewe, mwezi baada ya mwezi, bila yeye kuletewa risiti.

Hali ni mbaya zaidi kwa boma, yaani nyumba iliyokwama kwenye lenta ikisubiri mabati kwa miaka minane, kwa kuwa mtaji uliomo hauzai, haupangishwi na hauuziki kwa bei ya haki. Na ni mbaya kupita zote pale ujenzi unapofanyika juu ya ardhi ya ukoo, kwa fedha zinazotumwa kwa ndugu, huku hati ikiwa na jina la mwingine au haipo kabisa. Mwanamke anayefanya kazi ya ndani Doha na kujenga kwenye kiwanja cha kaka yake amempa kaka zawadi, hata kama wote wawili wanaiita nyumba yake. Ushauri unaofuata kutoka kwenye hesabu hii ni mkali lakini ni wa haki: nyumba ndogo ya kuishi iliyokamilika, hati yenye jina la mwenyewe, na kila shilingi inayozidi hapo ielekezwe kwenye kitu kinachotoa kipato, yakiwemo majengo yenyewe kama ni vyumba vya kupangisha mahali penye wapangaji. Vyumba vinne vya shilingi 5,000 kila kimoja huonekana kuwa 20,000 kwa mwezi, ila miezi ya vyumba kukaa vitupu, ukarabati na wapangaji wasiolipa huvipunguza, na mwenye hadhari ahesabu 15,000.

Imani ya kwamba watoto ndio pensheni haihitaji maneno mengi. Mtoto aliyesomeshwa ni baraka na mara nyingi husaidia, lakini naye atakuwa na kodi, ada na wazee wa upande wa mwenzi wake, na kumgeuza kuwa mfuko wa pensheni ni kumrithisha umaskini uleule uliomfanya mzazi apande ndege. Wala serikali haitaziba pengo hilo: Inua Jamii ya Kenya huwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, ruzuku ya wazee ya Uganda ni shilingi 25,000 za huko kwa walio na miaka 80 na zaidi, na Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kwa heshima kubwa ya kuwajumuisha wazee wote wa miaka 70, ilianza kwa shilingi 20,000 za Tanzania. Ni misaada yenye utu, na inastahili kutetewa, lakini hakuna hata mmoja uliokusudiwa kumtunza mzee peke yake.

Mjadala wa kikokotoo nchini Tanzania unatoa funzo ambalo wafanyakazi wa Ghuba hawajalichukua. Kikokotoo ni kanuni ya kugawa mafao ya mtumishi kati ya malipo ya mkupuo na pensheni ya kila mwezi. Baada ya mifuko ya watumishi wa umma kuunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, sehemu ya mkupuo ilishushwa hadi asilimia 25. Malalamiko yakamfanya Rais John Magufuli asimamishe kanuni hiyo Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya mwaka 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani. Watumishi walikuwa na sababu za kulipigania donge, kwa kuwa walilihitaji kujenga na hawakuwa na hakika kwamba pensheni ya mwezi ingelindwa dhidi ya bei. Lakini katika ugomvi wote huo, pensheni ya kila mwezi mpaka kufa ilikuwa tayari ipo mezani, ikigombaniwa ukubwa wake tu. Mfanyakazi wa Doha amepewa kile ambacho mtumishi wa Tanzania alikidai, mkupuo wa asilimia 100, na ndiye aliye maskini zaidi kati ya wawili hao.

Hesabu ya mwezi

Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani William Bengen, akipima kumbukumbu za hisa na hati fungani za nchi yake, alionyesha kwamba mstaafu aliyetumia asilimia 4 ya mtaji wake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei, hangefilisika katika miaka 30. Kanuni hiyo imesambaa hadi kwenye mazungumzo ya wafanyakazi wa Ghuba kana kwamba ni sheria ya maumbile, ilhali ni matokeo ya soko moja katika karne moja. Kinachofaa kuchukuliwa kwake ni mantiki, si namba. Hati fungani, yaani mkopo ambao mwananchi anaipa serikali na kulipwa faida kila nusu mwaka, katika Afrika Mashariki mara nyingi imelipa zaidi ya asilimia 10, na wengi hudhani asilimia zote hizo ni za kutumia. Hati inayolipa asilimia 12 wakati bei zinapanda kwa 5 ina faida halisi ya 7 tu, na asiyerudisha zile 5 kwenye mtaji atakuwa na mtaji uleule wa shilingi unaonunua nusu ya vitu baada ya miaka 14. Kutumia asilimia 5 ni kiwango cha hadhari, kinachoacha nafasi ya miaka mibaya, na maana yake ni kwamba kila shilingi ya matumizi ya mwaka inahitaji shilingi 20 za mtaji.

Matumizi ya shilingi 40,000 kwa mwezi ni 480,000 kwa mwaka, na mtaji wake ni shilingi milioni 9.6, sawa na riyali 274,000 hivi. Mwenye uwezo wa kuweka riyali 600 kila mwezi kwa miaka 15, zikikua kwa asilimia 4 juu ya mfumuko wa bei, atafikisha thamani ya riyali 147,000 hivi, ambazo zitamlipa shilingi 21,400 kwa mwezi. Hajafika, lakini amevuka nusu ya njia, na shilingi 18,600 zilizobaki zinaweza kupatikana kwa vyumba vinne vilivyotajwa na pensheni ndogo ya mfuko wa hifadhi. Mwenye mshahara wa riyali 1,000 ambaye baada ya kutuma nyumbani anabakiwa na akiba ya riyali 200, kwa nidhamu ileile na miaka ileile, atapata shilingi 7,100 kwa mwezi. Amefanya yote aliyopaswa kufanya, na bado hana uzee wa raha. Kumhubiria mtu huyo nidhamu ni dhuluma. Tatizo lake si tabia, ni mshahara na mfumo.

Dawa basi ni za aina mbili. Zile zilizo mikononi mwa mfanyakazi huanza na kutenga fungu la uzee kabla ya kutuma fedha nyumbani, si baada, maana kinachobaki baada ya kutuma huwa hakipo. Kisha ni kurudi katika mfuko wa hifadhi ya jamii wa kwao kama mchangiaji wa hiari. Tanzania hudai michango ya miezi 180 ili mtu apate pensheni ya kila mwezi. Aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka sita kabla ya kuja Doha ana miezi 72, na miezi 108 iliyobaki ndiyo inayotenganisha pensheni ya maisha na malipo ya mara moja. Uganda, ambako mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF hulipa mafao kwa mkupuo, ina mpango wa hiari wa SmartLife Flexi tangu 2023. Kenya imefungua DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu unaomwezesha raia aliye nje kununua hati fungani kwa simu, kuanzia shilingi 50,000, na Tanzania ina mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS, ukiwemo Jikimu ambao umeundwa kwa ajili ya wanaotaka gawio la vipindi. Kwa Muislamu anayejiepusha na riba, njia haijafungwa: sukuk, ambazo ni hati zinazolipa kutokana na mali halisi badala ya mkopo, zimeanza kutolewa, kama ile ya Linzi iliyoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2023 kwa ajili ya ujenzi wa makazi. Bima ya afya nayo isiahirishwe mpaka ugonjwa ubishe hodi, kwa kuwa kulazwa mara moja kunaweza kula mtaji wa miaka mitano.

Dawa za aina ya pili ziko mikononi mwa serikali, na ndizo zenye nguvu. Bahrain tangu Machi 2024 huwataka waajiri wapeleke kila mwezi, katika shirika la bima ya jamii, asilimia 4.2 ya mshahara wa mfanyakazi mgeni kwa miaka mitatu ya kwanza na 8.4 baada ya hapo, badala ya kuacha kiinua mgongo kiwe ahadi. Kituo cha fedha cha kimataifa cha Dubai kilianza kuweka michango hiyo katika mfuko wenye uwekezaji mwaka 2020, na sheria ya hifadhi ya jamii ya Oman ya mwaka 2023 iliweka mfumo wa akiba kwa wageni, mwajiri akichangia asilimia 9 ya mshahara wa msingi, ingawa utekelezaji wake ulisogezwa mbele. Qatar, iliyotangulia majirani wengi kwa kuondoa mwaka 2020 sharti la idhini ya mwajiri katika kuhama kazi, haina sababu ya kubaki nyuma katika hili. Nairobi, Dodoma na Kampala nazo zinapojadili mikataba ya kupeleka wafanyakazi zisiishie kwenye ada za mawakala na tiketi. Zidai kwamba mchango wa mwajiri uingie kwenye akaunti yenye jina la mfanyakazi, na kwamba miezi ya Doha ihesabiwe katika mifuko ya nyumbani. Nchi inayozipokea kwa shangwe fedha za watu wake walio ng'ambo ina wajibu wa kuulizia uzee wao kabla hawajazeeka.

Mpaka hayo yafanyike, anayesaini au kuhuisha mkataba Doha mwezi huu asome kwanza mstari wa mshahara wa msingi, aulize kwa nini posho ni kubwa kuliko msingi, na adai kiasi kihamishwe kutoka huko kuja huku hata kama jumla haitabadilika. Kwa msingi wa riyali 1,000, mwezi mzima wa kazi humwekea uzeeni riyali 58.